Siskonmakkarakeitto: supu ya "soseji ya dada" ya Ufini

Neno hili refu lisome kutoka nyuma, litafunguka lenyewe. Keitto ni supu, makkara ni soseji, sisko ni dada. Ile n iliyobandikwa kwenye sisko hufanya kazi ya "ya" yetu. Kwa hiyo anayejua Kifini husikia: supu ya soseji ya dada.

Dada huyo ametokana na sikio. Ufini ilikuwa chini ya Uswidi kwa karne nyingi, hadi 1809, na maneno mengi ya jikoni yaliingia Kifini kupitia Kiswidi. Waswidi walikuwa na neno susiskorv: mwanzo wake ni saucisse ya Kifaransa iliyopindishwa, na korv kwa Kiswidi ni soseji. Yaani soseji-soseji. Wafini walipolipokea, waliokota humo sauti waliyoizoea, sisko, na dada akaingia chunguni. Napenda sana kwamba hata sisi tumo katika ukoo huu. "Soseji" yetu tuliipata kwa Waingereza, nao waliipata kwa Wafaransa, na huko nyuma kabisa maneno yote haya yanakutana kwenye salsus, neno la Kilatini lenye maana ya kilichotiwa chumvi.

Soseji yenyewe ni mbichi, na hapo ndipo supu hii inapotofautiana na makkarakeitto ya kawaida. Ile ya kawaida hutumia soseji iliyokwisha kuiva kiwandani, unaikata vipande na kuitumbukiza. Siskonmakkara ni nyama laini iliyosagwa sana, kwa kawaida ya nguruwe, ndani ya ganda jembamba. Unakata ncha, unaminya, na nyama inatoka kidogokidogo kama donge dogo ambalo unalikata kwa kisu kilicholoweshwa maji baridi ili isinate. Ganda linatupwa. Vidonge vinaangukia moja kwa moja kwenye supu inayochemka taratibu. Vikizama usiogope, vikiiva vitaelea.

Kwa chungu cha watu wanne, lita moja na nusu ya maji na gramu 400 za soseji zinatosha. Mboga ni za mizizi, zinazohifadhika kipindi chote cha baridi: viazi sita, karoti tatu, kipande cha lanttu (mzizi wa manjano wa jamii ya kabichi), kitunguu, na liki ukiipata. Anza na karoti na lanttu kwa sababu ni ngumu, kisha viazi. Nyama iingie mboga zikikaribia kulainika, ichemke dakika kumi hivi. Ukiitanguliza itakakamaa.

Kiungo kinachoipa supu harufu yake ni maustepippuri, punje za kahawia zenye asili ya Karibiani, ambazo Wafini huzitia nzima, kama kumi hivi. Mtu wa Unguja au Pemba akizinusa atadhani ni karafuu, na hajakosea sana: mafuta yaleyale yanayoipa karafuu harufu, yujenoli, yamo pia humo. Ukizikosa, karafuu mbili zitakusaidia, zisizidi.

Supu hubaki nyepesi, bila maziwa wala unga. Juu hunyunyizwa majani mabichi yanayofanana na kotmiri, na pembeni huwekwa mkate mweusi wa rai (nafaka ya jamii ya ngano) iliyochachushwa, uitwao ruisleipä, uliopakwa siagi. Wafini wengi wameijulia shuleni, maana tangu 1948 wanafunzi huko hupewa chakula cha mchana bure.

Asiyekula nguruwe anaweza kufinyanga vidonge vya nyama ya ng'ombe iliyosagwa mara mbili. Havitakuwa siskonmakkara, lakini mchuzi utakuwa mtamu. Vyovyote iwavyo, usitie chumvi mwanzoni. Soseji ina chumvi yake tayari, na huitoa majini kadiri inavyoiva. Subiri vidonge vielee, onja, ndipo uongeze.