Pafu limesinyaa: usikimbilie kitufe cha presha

Mgonjwa yuko kwenye mashine ya kupumulia, oksijeni kwenye damu inashuka, na picha ya eksirei inaonyesha weupe upande wa chini wa pafu. Vifuko vya hewa vimesinyaa. Wengi hapo huongeza presha. Mimi huuliza kwanza vimesinyaa kwa nini.

Likiwa pafu zima la kushoto, natazama mpira wa kupumulia umeingia sentimita ngapi. Ukizama mno huelekea bronki ya kulia, yaani tawi la njia ya hewa la pafu la kulia, lililonyooka zaidi, na kushoto kunakosa hewa. Kuurudisha nyuma kidogo ndiyo tiba. Kikiwa kipande tu, mara nyingi makohozi mazito yameziba njia. Basi fiziotherapia ya kifua, unyevunyevu kwenye hewa ya mashine na kuyavuta makohozi vitasaidia kuliko presha.

Oksijeni nayo ina lawama yake. Naitrojeni hainyonywi upesi na damu, hivyo hubaki ndani ya kifuko na kukizuia kisijifunge. Ukimpa mgonjwa oksijeni ya asilimia 100 kwa muda mrefu, yote hufyonzwa na kifuko kinanywea. Ipunguze mara hali inaporuhusu.

Iko pia PEEP, ile presha inayobaki mapafuni mwisho wa kutoa pumzi. Hii tunaihitaji, kwa kiasi. Kinachonitia hofu ni kufumua mapafu, yaani kuyafungua kwa nguvu, kwa presha kubwa ya ghafla. Utafiti wa ART, ulioongozwa kutoka Brazili na kuchapishwa mwaka 2017, ulihusisha wagonjwa 1,010 wenye ARDS, yaani mapafu kuvimba na kujaa maji ghafla hadi kushindwa kazi. Waliofumuliwa mapafu hivyo, kisha wakawekewa PEEP ya juu, walifariki asilimia 55.3 ndani ya siku 28; wenzao, asilimia 49.3. Vifuko vizima hutanuka kupita kiasi kabla vilivyofungwa havijafunguka, na moyo hulemewa.

Kwa ARDS kali ninaamini kulaza kifudifudi. Utafiti wa PROSEVA wa mwaka 2013, uliofanyika Ufaransa na Hispania, uliwalaza wagonjwa hivyo saa 16 au zaidi kwa kila awamu, na vifo vya siku 28 vikawa asilimia 16 badala ya 32.8. Hakuna mtambo mpya hapo. Uzito wa moyo na tumbo huondoka kwenye sehemu za nyuma za mapafu, nazo hufunguka taratibu. Kinachotakiwa ni watu wa kutosha: mmoja kichwani akilinda mpira, wengine ubavuni, na mito ya kumkinga mgonjwa vidonda vya uso.

Na tafadhali, msichomoe mpira kwenye mashine bila sababu. PEEP hupotea papo hapo, na vifuko vilivyochukua saa nyingi kufunguka hujifunga ndani ya sekunde chache.