Wapigaji wanane si okestra iliyopungukiwa watu

Kila tunapopiga muziki wa chemba, yaani muziki wa kundi dogo la wapigaji, hapa Kampala, hakosekani msikilizaji wa kunifuata baadaye na kunipa pole: "Mwalimu, naona okestra imepungukiwa, hata wa kuwaongoza mmemkosa." Juzi nimepewa pole hiyo tena, baada ya Okteti (kazi ya wapigaji wanane) ya mtunzi Schubert, kazi ya takriban saa nzima ambayo haijapungukiwa na mtu tangu ilipoandikwa mwaka 1824. Inahitaji vyombo vitatu vya kupuliza, yaani klarineti, basuni na horni, na vitano vya nyuzi: fidla mbili, viola, chelo na besi. Akija mtu wa tisa, hana noti ya kupiga.

Dhana hiyo huzidi nguvu watu wanaposikia habari za makundi kama Scharoun Ensemble, lililoundwa mwaka 1983 na wanamuziki wa okestra ya Berlin Philharmonic na kupewa jina la Hans Scharoun, aliyesanifu jumba lao la muziki. Wengi hukata shauri papo hapo kwamba hicho ni kipande cha okestra kilichomegwa ili kupunguza gharama za safari. Sivyo. Muundo wake wa msingi ni huo huo wa Schubert, na kila chombo kina sehemu yake ya noti.

Hapo ndipo penye tofauti. Katika okestra kubwa fidla za kwanza huweza kufika 16, zote zikipiga noti zilezile, na sifa ya mpigaji aliyekaa katikati ni kutosikika peke yake. Ukimsikia, kuna jambo limeharibika. Katika okteti mtu huyo huyo hutakiwa asikike, aamue mwenyewe pa kuvuta upinde na pa kunyamaza, wala asingoje wa kiti cha mbele. Wapigaji wa vyombo vya kupuliza hawapati taabu hiyo, kwa kuwa hata ndani ya okestra kila mmoja kwa kawaida hupuliza sehemu yake peke yake. Kwa hiyo wanaosema kwamba wapigaji bora wa okestra moja wakiketi pamoja watapatana wenyewe, wanasahau kwamba zaidi ya nusu yao wanapaswa kuacha tabia waliyosifiwa kwayo. Kwetu Uganda mambo hugeuka: wengi wetu wa vyombo vya kupuliza tumelelewa katika bendi za shule, za makanisa na za majeshi, ambamo klarineti kadhaa hugawana sehemu moja. Mwanafunzi aliyetoka huko humngoja jirani aanze, na jirani hayupo.

Hilo la kuongozwa ndilo linalonikera zaidi. Okteti hiyo ya Schubert huanza kwa noti moja ndefu ya Fa inayopigwa na wote pamoja. Mpiga fidla wa kwanza huinua upinde na kuvuta pumzi, nasi huvuta pamoja naye. Katika pumzi hiyo mna mwendo na mna nguvu ya sauti. Hata hivyo, mdomo wa kutolea sauti wa horni umeelekea nyuma, na nyuzi nene za besi huchelewa kuitika, hivyo kila mmoja hana budi kujua ucheleweshaji wa chombo chake na kuufidia. Fimbo ya mwongozaji isingetufanyia kazi hiyo. Isitoshe, katika sehemu ya pili ya kazi hiyo wimbo huanza kwenye klarineti yangu, na fidla ya kwanza ndiyo inayonisikiliza mimi. Uongozi upo, ila hauketi kwa mtu mmoja.

Nakiri kwamba uzio wangu kati ya muziki wa chemba na okestra una matundu. Schubert ameipa fidla ya kwanza mzigo mkubwa kiasi kwamba usawa wetu wakati mwingine ni wa heshima tu. Mtunzi Stravinsky aliiongoza mwenyewe Okteti yake ya vyombo vya kupuliza mjini Paris mwaka 1923, na Simfonia ya Chemba ya mtunzi Schoenberg ya mwaka 1906, yenye wapigaji 15, kwa kawaida huongozwa ingawa kila mmoja ana sehemu yake. Kwa sababu hiyo nimeacha kupima kwa kumtafuta mwongozaji jukwaani; huuliza ni wangapi wanaopiga sehemu moja. Hata hapo Schubert hunisumbua, kwani mara kwa mara besi yake hurudia noti za chelo oktavu moja chini, yaani noti zilezile kwa sauti nzito zaidi.