Pensheni haiji na kadi ya matibabu

Hapa Dodoma utalisikia hata maofisini: "Tafuta ajira yenye pensheni kabla ya miaka 60, matibabu ya uzeeni yatajileta." Hayajileti. Pensheni hulipwa na PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, au NSSF, hasa kwa sekta binafsi, na huhitaji michango ya miezi 180. Anayeanza kuchangia akiwa na miaka 54 hafiki huko. Bima ya afya ina mfuko wake na makato yake.

Tazama hati ya mshahara. Kukiwa na mstari wa NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, wewe unakatwa asilimia 3 na mwajiri anaongeza 3. Mfuko huo una utaratibu wa kuendelea kumhudumia mwanachama aliyestaafu pamoja na mwenza wake, kwa masharti yake.

Kampuni nyingi binafsi hununua bima ya kikundi, mwaka hadi mwaka. Kadi yenyewe inavutia kweli, miwani na meno vimo, ila ajira ikiisha nayo inazimwa. Kwa kijana si neno. Kwa mtu wa miaka 57 mwenye presha, mimi ningesita kukimbilia mshahara mnono wa namna hiyo. Kabla ya kusaini, muulize afisa utumishi michango inakwenda mfuko gani, kisha masharti ya wastaafu uyaulize NHIF kwenyewe. Makao makuu yao yako hapahapa mjini.