Ukinzani mkubwa haumaanishi umeme mwingi

Baridi ya Juni ikishika Mbeya, ujumbe uleule hurudi kwenye magrupu: kifaa chenye ukinzani mkubwa, yaani kinachozuia zaidi mkondo wa umeme, ndicho kinachomaliza uniti. Si kweli.

Geuza birika lako la umeme usome kibandiko cha chini: volti 230, wati 2000. Gawa wati kwa volti, unapata ampea 8.7. Gawa volti kwa ampea hizo: ukinzani ni omu 26 hivi. Balbu ya zamani ya waya, wati 60, ikiwaka ina omu kama 880. Lakini birika ndilo linalokula uniti nzima kwa nusu saa.

Neno ukinzani linasikika kama mzigo, ndiyo maana linachanganya. Kumbe linahusu kuzuia mkondo. Volti zikiwa zilezile, ukinzani ukipanda wati hushuka. Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia usiusambaze.