Pikseli 264 kwa inchi: skrini za tableti zimesimama hapo, na zinazokuja zitapambana na nini

Machi 2012 Apple walitoa iPad ya tatu yenye skrini ya inchi 9.7 na pikseli 2048 kwa 1536. Piga hesabu, utapata pikseli 264 kwa kila inchi. Mei 2024 wakatoa iPad Pro ya OLED (skrini ambayo kila pikseli inajiwakia yenyewe), skrini ya aina nyingine kabisa na ya bei nyingine kabisa. Ukipiga hesabu ileile unapata 264. Miaka 12 na namba haijasogea. Upande wa Android, Nexus 10 ya Google, iliyotengenezwa na Samsung mwaka huohuo wa 2012, ilifika karibu 300, na tableti nyingi za bei ya juu zimebaki kuzunguka hapohapo au chini yake.

Si kwamba viwanda vimeshindwa kutengeneza pikseli ndogo. Mwaka 2015 Sony walitoa simu, Xperia Z5 Premium, iliyovuka pikseli 800 kwa inchi. Kilichozisimamisha tableti ni mwanga. Kila pikseli unayoiongeza unailipia kwa mwanga, na mwanga unalipwa kwa betri.

Lakini kwanza jicho, maana ndilo mteja. Jicho zima la kawaida hutenganisha nukta mbili zikiwa zimeachana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya digrii. Kutoka hapo kuna kanuni ya haraka: gawa 8,730 kwa umbali wa skrini kutoka jichoni, kwa sentimita. Ukiishika tableti kwa sentimita 40, unahitaji pikseli 218 kwa inchi. Kwa sentimita 33 ni 265. Mtoto anayeibana kwa sentimita 25 anahitaji 349. Kanuni hii si ukuta. Macho ya vijana wengi ni makali kuliko hapo, na jicho lolote hushika ngazi ndogo kwenye mstari wa mshazari hata kama haliwezi kutenganisha nukta. Kwa hiyo kutoka 264 kwenda 330 faida ipo, hasa kwenye herufi ndogo. Kutoka 330 kwenda 500 kwenye kifaa cha kupakatwa, mimi sioni inakoenda isipokuwa kwenye tangazo.

Sasa ingia ndani ya pikseli moja ya LCD, aina ya skrini iliyokuwa kwenye iPad ya 2012. Mna vidirisha vitatu vilivyosimama sambamba: chekundu, cha kijani na cha bluu. Nyuma yake kuna taa inayowaka muda wote, na fuwele za majimaji hufanya kazi ya pazia. Kati ya kidirisha na kidirisha kuna ukingo mweusi. Chini ya ukingo huo zimefichwa nyaya, kapasita (kitunza chaji) na transista, swichi ndogo inayolivuta pazia. Mwanga ukigonga ukingo, umepotea.

Shida ni kwamba ukiipunguza pikseli, ukingo haupungui kwa kiwango kilekile. Waya ukiwa mwembamba mno ukinzani wake unapanda, na mashine zinazochora saketi juu ya kioo kikubwa kama kitanda hazichori vitu vidogo kama zile za kutengeneza chipu. Tuseme ukingo unakula mikromita 8 kwenye upana na 24 kwenye urefu wa kila kidirisha. Ni namba za mfano tu, lakini zinaonyesha mwenendo. Kwenye pikseli 132 kwa inchi, kama iPad ya kwanza, kidirisha kina mikromita 64 kwa 192. Ukitoa ukingo, asilimia 77 ya eneo inapitisha mwanga. Kwenye 264 kidirisha ni 32 kwa 96 na kinachobaki wazi ni asilimia 56. Kwenye 400 ni asilimia 39. Kwenye 600, kidirisha kikiwa 14 kwa 42, umebaki na asilimia 19. Kwa mwangaza uleule machoni, taa ya nyuma sasa inapaswa kutoa mwanga mara nne ya ile ya pikseli 132.

Na hapo hatujahesabu polaraiza ya nyuma, kichujio kinachopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, ambayo peke yake humeza zaidi ya nusu ya mwanga, wala vichujio vya rangi vinavyopitisha takriban theluthi ya uliobaki. Mwisho wa safari, LCD ya rangi hutoa nje chini ya asilimia 10 ya mwanga wa taa yake. Ndiyo maana kila tundu linalozibwa linauma.

Ushahidi uko kwenye iPad ya tatu yenyewe. Iliyotangulia ilikuwa na betri ya wati-saa 25. Hii ilipewa 42.5, ikanenepa kutoka milimita 8.8 hadi 9.4 na uzito kutoka gramu 601 hadi 652. Saa za matumizi zilizotangazwa? Kumi, zilezile za mwanzo. Betri yote hiyo ya ziada ilikwenda kulisha taa pamoja na chipu ya kuchora pikseli mara nne. Mwaka uliofuata iPad Air ikaja na pikseli zilezile, betri ya wati-saa 32.4 na gramu 469, kwa sababu skrini ilikuwa imejifunza kula kidogo. Kwangu hiyo ndiyo hatua kubwa zaidi kuliko ile ya 2012, ingawa haikupigiwa kelele.

Simu inamudu upotevu huu kwa kuwa eneo lake ni dogo. Skrini ya inchi 5.5 ina inchi za mraba 13 hivi. Tableti ya inchi 9.7 ina 45, na ya inchi 13 ina zaidi ya 80. Ufujaji usioonekana kwenye simu unakuwa mzigo wa kubeba kwenye tableti.

Dawa ya LCD imekuwa kubadilisha transista. Silikoni ya kawaida isiyo na mpangilio wa fuwele ni rahisi kuimwaga kwenye kioo kikubwa, lakini elektroni hutembea ndani yake kwa kujikokota, chini ya sentimita 1 ya mraba kwa volti kwa sekunde. Transista dhaifu lazima iwe pana, na transista pana inaziba dirisha. Silikoni iliyochomwa kwa leza ikapata fuwele, LTPS, ina kasi ya 50 hadi 100 na zaidi. Inatosha transista ndogo sana, ila leza huongeza gharama, usawa kwenye kioo kikubwa ni mgumu kuupata, na transista ikifungwa bado inavuja umeme. Katikati ipo IGZO, oksidi ya indiamu, galiamu na zinki, ambayo mtafiti Hideo Hosono na wenzake wa Tokyo waliionyesha ikifanya kazi kama transista isiyo na fuwele mwaka 2004, na Sharp wakaanza kuizalisha kwa skrini mwaka 2012. Kasi yake ni 10 hivi. Sifa yake kuu si kasi bali ni kutovuja. Pikseli ya IGZO inashikilia chaji yake muda mrefu, hivyo ukiwa unasoma ukurasa uliotulia skrini inaweza kuchorwa mara chache kwa sekunde badala ya mara 60. Ukizichanganya hizo mbili kwenye kioo kimoja, LTPS ya kusukuma na oksidi ya kushikilia, unapata LTPO.

Kasi hiyo inahitajika kwa sababu skrini haichorwi yote kwa mpigo. Inachorwa mstari kwa mstari, kama mtu anayejaza mitungi iliyopangwa kwa bomba moja. Mistari 768 kwa mara 60 kwa sekunde inampa kila mmoja mikrosekunde 21.7. Mistari 1536 inampa 10.9. iPad Pro ya inchi 13 ina pikseli 2752 kwa 2064. Kwa mara 120 kwa sekunde, hata ukihesabu kwa upande mfupi, kila mstari una mikrosekunde 4. Ndani ya muda huo kapasita ijae kwa usahihi unaopita ngazi moja kati ya 256 za rangi. Isipojaa, upande ulio mbali na chipu ya kuendesha skrini hufifia, au umbo jeusi huacha kivuli pembeni mwake pasipo na kitu.

Data nayo ina bomba lake. Pikseli 5,680,128 mara 120, mara biti 30, ni gigabiti 20.4 kwa sekunde. Njia nne za eDP (kiunganishi kinachopeleka picha kwenye skrini) zenye gigabiti 5.4 kila moja zinafanya 21.6 kwenye karatasi, lakini moja ya tano huliwa na usimbaji, unabaki na 17.3. Haitoshi. Ndipo ukandamizaji wa DSC, uliotolewa mwaka 2014 na VESA, shirika la viwango vya skrini, ulipogeuka kuwa jambo la kawaida ndani ya vifaa.

OLED inaondoa taa ya nyuma, kila pikseli inajiwakia. Inaleta matatizo yake. Rangi hupuliziwa kupitia karatasi ya chuma yenye matundu madogo, ya inva, aloi ya asilimia 64 chuma na 36 nikeli, inayochaguliwa kwa sababu haitanuki ovyo ikipata joto. Karatasi hiyo ikiwa pana hulegea katikati kama turubai, na matundu yakihama mikromita chache kijani kinaangukia penye nyekundu. Kwa hiyo ukubwa na msongamano vinavutana. Halafu kuna uchakavu: pikseli ndogo ikitakiwa kutoa mwanga uleule, umeme unaobanwa katika kila mikromita unaongezeka, na bluu ndiyo hufa kwanza. Skrini ya 2024 ilijibu hili kwa kupanga tabaka mbili za OLED juu kwa juu. Kila tabaka hutoa nusu ya mwanga, linachakaa taratibu, na pamoja zinafika niti 1,000 (niti ni kipimo cha mwangaza) skrini nzima. Bei yake ni volti kubwa zaidi na hatua nyingi za uzalishaji. Samsung Display walitangaza Aprili 2023 kuwekeza woni trilioni 4.1 katika kiwanda cha OLED cha kizazi cha 8.6, chenye vioo vikubwa kuliko vya kizazi cha 6, kwa ajili ya tableti na kompyuta za mapajani. Huko ndiko bei itakaposhukia, kama itashuka.

MicroLED, skrini ambayo kila nukta ya rangi ni taa ndogo ya LED, inasifiwa sana. Fanya hesabu hii kabla ya kuingoja. Skrini ile ya inchi 13 ingehitaji taa milioni 17, kila moja ihamishwe hadi mahali pake. Ukifaulu kwa asilimia 99.99, una taa mbovu 1,700. Ukifaulu kwa asilimia 99.9999 bado una 17, na mnunuzi wa tableti ya bei hiyo hatavumilia hata tatu.

Tuje dukani. Maneno "HD" na "2K" kwenye boksi yaache, hesabu mwenyewe. Zidisha upana kwa upana, urefu kwa urefu, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, gawa kwa inchi za mshazari. Tableti ya inchi 10.1 yenye 1280 kwa 800 ni 149, herufi ndogo zitakuwa na manyoya. Yenye 1920 kwa 1200 ni 224, inatosha kwa kusoma. Yenye 2560 kwa 1600 ni 299.

Tableti feki hudanganya hata ndani ya mfumo: amri `adb shell wm size`, inayotumwa kutoka kompyuta kuiuliza Android ukubwa wa skrini, inaleta namba kubwa kuliko kioo kilichofungwa. Kipimo kisichodanganywa kirahisi ni picha ya PNG, si JPEG, yenye vipimo sawasawa na vinavyodaiwa, iliyojaa miraba myeusi na myeupe ya pikseli mojamoja kama ubao wa drafti. Ifungue kwenye programu ya picha kwa asilimia 100, kwa sababu kivinjari huikuza kimyakimya. Kioo cha kweli kinaonyesha kijivu tulivu. Cha uongo kinaonyesha mawimbi na mistari minene, kwa sababu picha inabanwa iingie kwenye pikseli chache. Ukitaka kuviona vidirisha vyenyewe, dondosha tone dogo la maji kwenye skrini nyeupe: linafanya kazi ya lenzi.

Baada ya pikseli, angalia pengo la hewa. Iinamishe tableti na uitazame kwa pembeni: ikoni zikionekana zimezama chini ya kioo, kati ya tachi na LCD kuna hewa. Kila uso unaokutana na hewa huakisi asilimia 4 hivi. Pengo linaongeza nyuso mbili, hivyo unaakisi 12 badala ya 4. Kibarazani mchana, anga iliyo nyuma yako inaweza kuwa na niti 5,000. Asilimia 12 yake ni niti 600, na skrini yako ya niti 400 imeshazidiwa. Iliyogandishwa bila pengo inaakisi niti 200 tu na inasomeka. Kwa jua letu, ningechukua iliyogandishwa yenye pikseli 224 nikaiacha ya 299 yenye hewa ndani.

Hasara yake inakuja siku ikianguka. Yenye pengo, fundi anabadilisha tachi peke yake. Iliyogandishwa, ufa wa kioo cha juu unamaanisha kununua kioo kizima, au kuitenganisha gundi kwa moto na waya. Kazi hiyo mafundi wa simu wanaiweza, lakini kwenye inchi 10 LCD huvunjika katikati ya zoezi au hubaki na mapovu. Na ukiletewa spea, iwashe kwanza ikiwa imechomekwa flexi (utepe wa nyaya) tu, ukiwa na ile picha ya ubao wa drafti tayari, kabla gundi haijapakwa.