Je, wajua kwa nini Waamishi waliruhusiwa kuwakatiza watoto wao masomo?

Kesi hii ilianza na faini ya dola 5. Katika kaunti ya Green, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, wazazi watatu wa Kiamishi, Jonas Yoder na wenzake wawili, waligoma kuwapeleka watoto wao sekondari baada ya darasa la 8. Sheria ya jimbo ilitaka mtoto asome mpaka atimize miaka 16, na hao walikuwa na miaka 14 na 15. Waamishi ni Wakristo wanaoishi zaidi kwa kilimo, mbali na mambo ya kidunia. Walisema sekondari ingewajaza vijana tamaa ya kushindana na kujikweza, na mwishowe jumuiya yao ingekufa. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawapa ushindi.

Ushindi huo unashangaza, kwa sababu uliberali, yaani falsafa ya siasa inayotanguliza uhuru wa mtu, huanza na mtu mmoja mmoja, si na jumuiya. Mwanafalsafa wa uliberali John Rawls, katika kitabu chake cha mwaka 1971, alitutaka tuwaze haki kana kwamba hakuna ajuaye dini yake, kabila lake wala mali yake. Mwanafalsafa mwenzake Michael Sandel akamjibu mwaka 1982: mtu wa namna hiyo yuko wapi? Hakuna anayechagua wazazi wala lugha ya kwanza, na vitu hivyo ndivyo vinavyomfanya awe yeye.

Jibu linaloniridhisha zaidi lilitoka kwa mwanafalsafa Mkanada Will Kymlicka. Kwa maoni yake, jumuiya ina thamani kwa sababu ndiyo inayompa mtu mambo ya kuchagua na sababu za kuyachagua. Kwa hiyo inastahili kulindwa isimezwe na wengi walio nje. Ila ulinzi huo haiwezi kuugeuza kuwa pingu za kuwafungia watu wake ndani. Kwa mliberali, basi, jumuiya inaheshimiwa kwa ajili ya watu waliomo, nao lazima waweze kuondoka.

Hapo ndipo kesi ya Yoder inapokwama. Jaji William Douglas, mmoja wa majaji wa Mahakama hiyo ya Juu, alikubaliana na wenzake nusu nusu tu. Aliona wanazungumzia haki za wazazi, ilhali maisha yanayoamuliwa ni ya watoto, na kati ya watoto hao ni binti mmoja pekee, mwenye miaka 15, aliyetoa ushahidi kwamba yeye mwenyewe hataki sekondari.

Rawls naye alirudi kwenye suala hili mwaka 1993. Alisema vikundi vya kidini viachwe viishi vitakavyo, ila watoto wafundishwe haki zao za kiraia, wajue kwamba kuacha dini si kosa la jinai. Mimi naliona sharti hilo jepesi mno. Kijana aliyeishia darasa la 8 atajua vizuri kwamba polisi hawamkamati akihama. Lakini akifika mjini bila cheti, nani atampa kazi?