Kani isiyochoka: kwa nini kwaki haitoki peke yake

Maelezo mengi kuhusu kwaki, chembe zinazounda protoni na nyutroni, hukosea mahali pamoja. Husema kani inayozifunga huongezeka kadiri zinavyoachana. Haiongezeki. Kwaki zikishatengana kwa takriban nusu femtomita (gawa milimita moja katika sehemu trilioni moja, kila sehemu ni femtomita), kani hiyo hutulia kwenye kiwango kimoja na kubaki hapo, umbali uzidi usizidi. Kinachopanda bila kikomo ni nishati unayotakiwa kulipa ili kuzitenganisha. Ukiielewa tofauti hiyo, mengine yote yanafuata. Leo nataka kuieleza kwa kutumia namba moja ambayo wanafizikia wameifikia kwa njia tatu zisizohusiana.

Anza na atomi ya hidrojeni. Mistari ya uga wa umeme kati ya protoni na elektroni hutawanyika pande zote, kwa hiyo kani hudhoofika haraka, na ukilipa elektronivolti 13.6 tu (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati), elektroni inaondoka zake. Kwenye kani kali ya nyuklia, ile inayozifunga kwaki, mambo hubadilika kwa sababu moja. Chaji yake tunaiita rangi, nazo ni tatu. Fotoni, inayobeba kani ya umeme, haina chaji ya umeme. Gluoni, inayobeba kani kali, ina rangi. Gluoni zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Uga uliopo kati ya kwaki na antikwaki (pacha wake mwenye chaji za kinyume) hautawanyiki. Hukusanyika ukawa mrija mwembamba, wenye unene uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Kila kipande unachourefusha mrija huo kinagharimu nishati ileile kama kipande kilichotangulia, na hiyo ndiyo maana ya kani isiyobadilika.

Kiasi chenyewe ni takriban elektronivolti bilioni 0.9 kwa kila femtomita. Nitaandika GeV 0.9. Tungamo la protoni nzima, likihesabiwa kama nishati, ni GeV 0.94, kwa hiyo kuurefusha mrija kwa femtomita moja tu kunakula nishati inayokaribia kutosha kuumba protoni mpya. Kwa vipimo vya kawaida, ni kani ya zaidi ya nyutoni 140,000, sawa na uzito wa tani 14 na ushei, inayovuta chembe mbili zisizoonekana kwa hadubini yoyote. Nimeifanya hesabu hii ubaoni mara nyingi na bado inanistaajabisha.

Njia ya kwanza ya kuifikia namba hiyo ilianza kabla kwaki hazijakubalika. Miaka ya 1960 wanafizikia walikuwa wakipanga mesoni (chembe ambazo leo tunajua ni kwaki na antikwaki zilizofungwa pamoja) kwenye grafu, spini, yaani kipimo cha mzunguko wa chembe, upande mmoja na mraba wa tungamo upande wa pili. Jaribu mwenyewe na familia ya rho. Mesoni yenye spini 1 ina tungamo la GeV 0.775, yenye spini 2 ina 1.318, yenye spini 3 ina 1.689, na yenye spini 4 ina karibu 1.967. Zidisha kila namba kwa yenyewe: 0.60, 1.74, 2.85, 3.87. Kila ngazi inapanda kwa takriban 1.1, na nukta zinakaa kwenye mstari ulionyooka. Sasa chukua mrija wenye mvuto usiobadilika, uzungushe mpaka ncha zake zifikie kasi ya mwanga, kisha uulize nadharia ya Einstein ya uhusiano. Jibu lake ni mstari huohuo, na hatua ya 1.1 ukiigawa kwa mara mbili ya pai unapata mvuto wa mrija: 0.175 katika GeV za mraba, yaani karibu GeV 0.89 kwa femtomita.

Njia ya pili ilifunguka Novemba 1974, pale timu ya Samuel Ting huko Brookhaven na ile ya Burton Richter huko Stanford zilipotangaza mesoni ya J/psi. Ndani yake kuna kwaki ya chamu, mojawapo ya aina za kwaki, na antikwaki yake. Hizi ni nzito, zinakwenda polepole kiasi, kwa hiyo unaweza kutumia mlingano wa Schrödinger, ule wa mwendo wa chembe ndogo, uleule wa mwaka wa pili chuoni. Kundi la Chuo Kikuu cha Cornell liliandika nishati yenye sehemu mbili: moja inayofanana na ya umeme kwa umbali mfupi, nyingine inayopanda moja kwa moja na umbali. Kipimo cha sehemu hiyo ya pili, baada ya kuoanishwa na ngazi za nishati zilizopimwa, kilikuwa 0.18 kwa vipimo vilevile vya GeV za mraba. Mesoni zinazozunguka kasi na mesoni nzito zilizotulia, zinataja namba moja!

Ya tatu ni ya Kenneth Wilson, pia mwaka 1974. Aliigeuza nafasi na wakati kuwa gridi ya nukta, akaweka uga wa gluoni kwenye viunganishi vya nukta hizo. Michael Creutz alianza kuikokotoa kwa kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1970. Hapa hakuna aliyedhania mrija. Unaingiza milinganyo ya nadharia ya kani kali peke yake, na mstari ulionyooka unatoka wenyewe, na mwinamo wake unaangukia karibu na namba zile mbili. Kwangu huu ndio ushahidi mzito kuliko wote.

Je, mrija hauwezi kukatika? Unakatika, na hapo ndipo kwaki inapotuponyoka. Ukikata kamba hupati ncha moja. Unapata kamba mbili, kila moja na ncha zake mbili. Mrija ukifika kama femtomita 1.2, ni nafuu kwa asili kuumba kwaki na antikwaki mpya pale katikati kuliko kuendelea kuurefusha. Umelipia kwaki huru, ukapewa mesoni mbili.

Ukitaka kuliona hilo kwenye takwimu za maabara, linganisha mesoni mbili za chamu. Psi yenye GeV 3.686, ndugu mzito wa J/psi, haina nishati ya kutosha kuvunjika kuwa mesoni mbili za D (kila moja ina kwaki ya chamu au antikwaki yake), kwa maana jozi hiyo inahitaji takriban 3.73. Psi inayofuata, yenye GeV 3.77, imekivuka kizingiti hicho kwa kiasi kidogo tu. Tofauti ya tungamo kati yao ni kama asilimia 2, lakini ile ya pili huvunjika haraka mara 90 hivi kuliko ya kwanza. Mlango umefunguka, mrija umekatika.

Kwaki moja tu hukwepa mkasa huu, nayo ni kwaki ya juu kabisa kwa uzito, ile ya topu iliyogunduliwa Fermilab mwaka 1995. Hufa kabla mrija haujapata muda wa kujiunda.

Yote haya hayajawa uthibitisho. Mwaka 2000 Taasisi ya Hisabati ya Clay iliweka dola milioni moja kwa atakayeonyesha kihisabati kwamba nadharia ya Yang-Mills, msingi wa nadharia ya kani kali, ipo na kwamba chembe yake nyepesi kabisa ina tungamo linalozidi sifuri. Kufungwa kwa kwaki ni jirani wa karibu wa swali hilo, na zawadi bado haijachukuliwa. Wazo ninaloliona lina mwelekeo mzuri zaidi ni la Gerard 't Hooft na Stanley Mandelstam, la miaka ya 1970. Superkondakta za aina ya pili (vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani) hubana uga wa sumaku ukawa mirija myembamba, na mirija hiyo imepigwa picha. Huenda ombwe lenyewe, yaani nafasi tupu, linaubana uga wa rangi vivyo hivyo. Kwenye superkondakta tunajua anayebana: ni jozi za elektroni zinazotembea pamoja. Kwenye ombwe la rangi kompyuta hutuonyesha mrija uliokwisha kubanwa, ila hakuna bado aliyeweza kumtoa mbanaji huyo kwenye milinganyo ya nadharia kwa kalamu na karatasi.